Mwendo Bila Mwenyewe: Uigaji wa Tarakilishi na Deni la Mwili

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuuliza swali la umiliki kuhusu maneno. Ni nani mtunzi wa shairi hili? Ni nani aliyeuchukua ubeti wa mwenzake? Ni nadra kwetu kuuliza swali hilo hilo kuhusu mwendo wa mwili: namna mtu anavyoinua goti, anavyogeuza shingo, anavyosita kabla ya kuketi. Yamkini tumeliacha swali hili kwa sababu mwendo, tofauti na neno, haukuwa na maandishi. Ulitokea, ukapita. Aliyetaka kuuhifadhi hakuwa na budi kujifunza kwa mwili wake mwenyewe.

Hali hiyo imebadilika. Tarakilishi leo inaweza kuunda umbo la mtu ambaye hajapata kuzaliwa, ikamfanya atembee, akimbie, acheze ngoma na hata ajikwae, kwa namna inayomshawishi mtazamaji kwamba anamwona binadamu. Makala haya yanadhamiria kuchunguza swali la kimaadili linalozuka hapo. Mwendo unapotenganishwa na mwenyewe, je, kuna kitu alichonyang'anywa? Na ikiwa kipo, atalipwaje? Tutashikilia kwamba uhalisi wa mwendo unatokana na maisha ya mtu aliyeutenda, na kwa hivyo kila mwendo wa tarakilishi unaotusadikisha una deni kwa mtu fulani. Deni hilo si la fedha pekee. Ni deni la kutajwa.

Mwendo na mwenendo

Lugha ya Kiswahili inatupa mahali pema pa kuanzia. "Mwendo" ni jinsi kitu kinavyokwenda. "Mwenendo" ni tabia ya mtu. Maneno haya mawili yana shina moja, nalo la pili linatokana na kitenzi "enenda", yaani kwenda na kuendelea kwenda. Anayesema kwamba mwenendo wa fulani si mzuri hazungumzii miguu yake, lakini lugha imekwisha kukubali kwamba njia ya kumjua mtu ni kutazama aendavyo. Hata "sira", neno tulilolipokea kutoka Kiarabu kwa maana ya maisha na tabia ya mtu, asili yake ni kitenzi cha kwenda.

Aidha, Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi vya kutofautisha wendaji. Mtu hunyata, huchechemea, hujikokota, hupepesuka, huranda, hutembea kwa madaha au kwa mikogo. Kila kimoja kinaeleza zaidi ya msogeo wa miguu. Anayenyata ana jambo analolificha. Anayejikokota amechoka, au hataki kufika. Mwenye mikogo anajua kwamba anatazamwa. Kusudi, hali na hadhira vimo ndani ya kitenzi chenyewe. Ni kana kwamba lugha hii haiutambui mwendo mtupu, mwendo usio na mtu ndani yake.

Marcel Mauss, mwanaanthropolojia wa Ufaransa, alifikia hoja iliyo karibu na hii katika mhadhara wake wa mwaka 1934 juu ya mbinu za mwili. Anasimulia kwamba alipokuwa mgonjwa hospitalini huko New York, alivutiwa na jinsi wauguzi walivyotembea, akajiuliza ni wapi alipowahi kuuona mwendo ule. Hatimaye akatambua kwamba aliuona katika sinema. Aliporejea Ufaransa aliwaona wasichana wa Paris nao wakitembea vivyo hivyo, kwa kuwa filamu za Marekani zilikuwa zimekwisha kufika. Kwa Mauss, kutembea si jambo la maumbile tu. Ni jambo tunalofunzwa na jamii. Kila mmoja wetu hutembea na walimu wake.

Tangu nguo ya Marey

Jitihada za kuutenga mwendo na mtu hazikuanza na tarakilishi. Katika miaka ya 1880, mwanafiziolojia Mfaransa Étienne-Jules Marey alimvisha mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe iliyofuata viungo vyake, kisha akampiga picha mfululizo akitembea mbele ya ukuta mweusi. Mwili ulitoweka gizani, ikabaki mistari iliyofuatana kama mataruma ya jahazi. Shabaha ya Marey ilikuwa ya kisayansi, na picha zake zinapendeza hadi leo. Hata hivyo, hatuna budi kukumbuka kilichofuata. Mwaka 1895 daktari Félix-Louis Regnault alitumia mbinu ya aina hiyo katika maonyesho ya kietnografia mjini Paris ili kurekodi miendo ya watu walioletwa kutoka Afrika Magharibi. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke Mwolof aliyekuwa akifinyanga chungu. Historia ya filamu humtaja kwa kabila lake na kwa kazi yake. Mwendo wa mikono yake ulihifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Jina halikuhesabiwa kuwa sehemu ya mwendo huo.

Mbinu inayotumika leo katika studio za filamu na za michezo ya video ni kitukuu cha nguo ile ya Marey. Mwigizaji huvaa suti ya kubana iliyobandikwa vigololi vinavyoakisi mwanga: begani, kiwikoni, nyongani, gotini, kifundoni. Kamera zinazomzunguka hurekodi mahali pa kila kigololi mara nyingi katika kila sekunde. Uso, ngozi na sauti vinaweza kuachwa kabisa. Zinazobaki ni nukta zinazosogea, nazo zaweza kuvishwa umbo lolote: la askari, la zimwi, la ndege.

Njia ya pili hainasi mwendo wa mtu, huukokotoa. Wataalamu huunda mwili wa kihesabu wenye uzito na viungo, wakauweka katika ulimwengu wa kihesabu wenye mvutano wa ardhi, kisha programu ikaachwa ijifunze kutembea kwa kujaribu na kukosea, ikituzwa kila mwili unaposonga mbele. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya DeepMind walionyesha umbo la kibinadamu lililojifunza kwa njia hiyo kukimbia na kuvuka vizuizi. Lilifaulu, lakini lilikimbia huku likirusha mikono hewani kama mtu anayefukuza nyuki. Mwaka uliofuata, Xue Bin Peng na wenzake walitoa mfumo waliouita DeepMimic, ambao mwili wake wa kihesabu ulipiga mateke na kupinduka hewani kwa namna iliyofanana mno na ya wanadamu. Tofauti ilitokana na nini? Mfumo huu wa pili ulipewa miendo ya watu halisi, iliyonaswa, ili uiige.

Tofauti hii inastahili kutafakariwa. Mashine iliyotakiwa kwenda mbele tu ilikwenda mbele. Ile iliyotakiwa kwenda kama mtu ililazimika kurudi kwa mtu.

Uhalisi hutoka wapi?

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Johansson, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mhakiki wa sanaa za maonyesho angefaa kulijua. Alifunga taa ndogo zipatazo kumi na mbili kwenye viungo vya mtu, akamrekodi gizani. Mtu huyo aliposimama tuli, watazamaji hawakuona ila nukta zilizotawanyika. Alipoanza kutembea, mara moja walimwona binadamu. Mwaka 1977 James Cutting na Lynn Kozlowski walikwenda hatua moja zaidi. Waliwaonyesha watazamaji nukta za namna hiyo zilizotokana na miendo ya marafiki zao, na watazamaji wakaweza, mara nyingi kuliko ambavyo bahati tupu ingewawezesha, kutambua ni rafiki yupi. Hapakuwa na uso, mavazi wala sauti. Palikuwa na mwendo pekee, nao ulitosha kumtaja mwenyewe.

Tunajifunza mambo mawili hapa. Kwanza, mwendo si koti ambalo mtu hulivaa na kulivua. Umo ndani yake kiasi kwamba ukimwondolea vyote vingine, yeye bado yumo. Pili, na hili ni la kimaadili, anayedai kwamba nukta alizonasa ni "data" tu zisizo na mwenyewe anapingwa na macho ya yeyote aliyewahi kumpenda mtu yule na kumwona akija kwa mbali njiani.

Wahakiki wa uhalisia wametufunza kwamba mhusika wa riwaya haaminiki kwa sababu mwandishi ametueleza rangi ya shati lake na idadi ya vifungo vyake. Huaminika kwa uzito wa sababu zinazomsukuma. Kanuni hiyo inalieleza umbo la mwaka 2017 vilevile. Viungo vyake vilitii kanuni za fizikia, na kwa kipimo hicho mwendo wake ulikuwa sahihi. Lakini halikuwahi kuonywa na mama lisikimbie hivyo mbele za watu, wala halikuwa na haya ya kutazamwa. Bega lake halikuwa na maumivu ya zamani. Tunapocheka mikono ile inayorushwa ovyo, tunacheka kukosekana kwa maisha. Mjapani Masahiro Mori aliandika mwaka 1970 kwamba kadiri kifaa kinavyokaribia kufanana na mtu ndivyo kinavyotuvutia, hadi pale ufanano unapokaribia kukamilika, ambapo mvuto hugeuka ghafla kuwa karaha; na akasisitiza kwamba kusogea huizidisha karaha hiyo. Mkono bandia uliotulia juu ya meza hausumbui sana. Ukikushika, unashtuka.

Mwigaji na mwili wake

Hapa msomaji makini atatoa pingamizi, na ni pingamizi zito. Sanaa yote ya mwili ni uigaji. Fanani anayesimulia hadithi ya fisi humwiga fisi na mzee wa kijiji bila kumwomba yeyote ruhusa. Mcheza ngoma hujifunza kwa kutazama miguu ya waliomtangulia. Kama kila mwendo una deni, basi sote tu wadeni, na neno deni limepoteza maana.

Jibu letu linatokana na methali ambayo kwa kawaida hutumiwa kumkemea mwigaji: mwiga tembo kunya hupasuka msamba. Mara nyingi tumeisoma methali hii kama onyo la kutojikweza. Lakini izingatie tena. Methali inachukulia kwamba mwigaji anao msamba. Anapoiga, anahatarisha mwili wake, na mwili huo huamua kipi kitawezekana na kipi hakitawezekana. Mwanafunzi wa ngoma hulipia kila hatua kwa jasho, kwa miezi ya kukosea, na mwishowe mwendo alioupata si ule wa mwalimu wake kwa ukamilifu, kwani umepitia katika nyonga nyingine. Hadhira nayo inamwona yeye, na walio wajuzi wanamtambua mwalimu ndani yake. Uigaji wa namna hii hulipa deni lake katika tendo lile lile la kuiga. Tarakilishi haina msamba. Huchukua mwendo mzima kwa siku moja, ikaurudia mara milioni bila kuchoka, na mwili uliotoa mwendo huo hauonekani popote.

Chukua mfano wa Happy Feet, filamu ya George Miller ya mwaka 2006, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2007. Mhusika wake mkuu ni pengwini Mumble, ambaye hawezi kuimba lakini anaweza kucheza; miguu yake ndiyo sauti yake. Sauti ya maneno ya Mumble ilitolewa na Elijah Wood. Miguu ilikuwa ya Savion Glover, mmoja wa mabingwa wakubwa wa densi ya tap, sanaa iliyolelewa na Waamerika Weusi, ambayo Glover aliipokea kutoka kwa wakongwe kama Gregory Hines na Jimmy Slyde. Kinaya kilichomo hapa hakihitaji mhakiki kukifafanua. Hadithi inayodai kwamba miguu ina heshima sawa na sauti iliufunika mwili uliozicheza hatua zake kwa manyoya ya ndege.

Sheria nayo imekuwa ikitatizika. Desemba 2018 wasanii kadhaa wa Marekani, miongoni mwao Alfonso Ribeiro, waliishtaki kampuni ya Epic Games wakidai kwamba michezo yao ya mwili imetumiwa katika mchezo wa video wa Fortnite. Ofisi ya hakimiliki ilikataa kuisajili densi ya Ribeiro, ikiiona kuwa hatua chache sahili, na kesi hizo ziliondolewa mwaka 2019. Mtunzi wa densi Kyle Hanagami alipofungua kesi yake mwaka 2022, mahakama ya kwanza iliitupilia mbali. Novemba 2023 mahakama ya rufani iliirejesha, ikisema kwamba kuigawa densi hadi ibaki mikao ya mwili iliyotenganishwa ni sawa na kuugawa muziki hadi zibaki noti. Mwanafasihi hawezi ila kuunga mkono hoja hiyo. Hatujawahi kukubali kwamba shairi ni orodha ya maneno yake.

Ungamo la mtafiti

Ni rahisi kuzinyoshea kidole studio za mbali. Uadilifu unadai kwamba taaluma yetu nayo ijitazame. Tangu Ruth Finnegan alipochapisha mwaka 1970 utafiti wake mkubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, tumekuwa tukikariri kwamba fasihi hiyo ni utendaji, kwamba haikamiliki bila fanani na hadhira. Tumeikariri kauli hiyo huku tukichapisha matini zisizo na mwili.

Nilipokuwa nikikusanya hadithi kwa ajili ya tasnifu yangu, nilimrekodi bibi mmoja mkongwe katika kijiji kimoja cha Kwale. Alisimulia hadithi ya fisi aliyevunjika mguu akiiba mbuzi. Alisimama, akachechemea uwanjani, na watoto wakacheka hadi wakaanguka. Baadaye nilipomwona akienda kisimani ndipo nilipotambua kwamba nyonga yake ilikuwa mbovu. Alikuwa amemkopesha fisi maumivu yake mwenyewe, akayafanya kichekesho, na kwa muda wa hadithi moja yakawa chini ya amri yake. Hilo ndilo lililokuwa kiini cha utendaji ule. Katika tasnifu niliandika, ndani ya mabano: (anachechemea). Na katika kiambatisho alikuwa Msimulizi wa 7. Jina lake lilikuwa ndani ya daftari la nyanjani ambalo silo tena mikononi mwangu.

Namkumbuka kila ninapotazama hifadhi ya miendo ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ambayo kwa miaka mingi imewapa watafiti wa dunia nzima miendo ya binadamu bila malipo. Watu waliotembea, wakaruka na kucheza mbele ya kamera zake wameorodheshwa kwa nambari. Silaumu chuo hicho. Kimefanya kazi ya ukarimu. Nasema tu kwamba mimi niliihifadhi sauti nikaupoteza mwendo, na wao wameuhifadhi mwendo, na katika orodha zetu zote mbili mtu amekuwa nambari.

Kutaja na kuficha

Haitafaa, hata hivyo, kufanya kutaja jina kuwa sheria ya kila mahali. Mtoto mwenye matatizo ya viungo anaporekodiwa hospitalini ili madaktari waelewe jinsi anavyotembea, kulificha jina lake ni kumlinda. Isitoshe, matokeo ya Cutting na Kozlowski yanatuonya kwamba mwendo wenyewe waweza kumfichua mtu hata pale jina lilipofutwa. Kwa hivyo tunapendekeza kipimo tofauti: je, mtu huyu alitoa mwendo wake kama siri au kama kazi ya sanaa? Wa kwanza ana haki ya kufichwa, na wa pili ana haki ya kutajwa. Kosa la kimaadili hutokea tunapompa msanii usiri ambao hakuuomba.

Ni kosa hili hasa lililoonekana katika mgomo wa waigizaji wa michezo ya video nchini Marekani, ulioanza Julai 2024 na kumalizika mwaka 2025. Miongoni mwa mambo yaliyoshindaniwa ni iwapo wale wanaotoa mwendo pekee, bila uso wala sauti, wanastahili ulinzi ule ule dhidi ya akili unde. Swali lililokuwa mezani lilikuwa la kale: je, mwili usiosema ni msanii?

Kwetu swali hili lina sura nyingine. Ngoma nyingi hazina mtunzi mmoja. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, ni mali ya jamii. Nayo Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Lakini mabega yanayotikisika katika isukuti daima ni mabega ya mtu fulani. Siku mcheza isukuti atakapovishwa vigololi, nukta zitakazonaswa zitakuwa za jamii na zake kwa pamoja. Kuitaja jamii pekee ni kumrudisha kwa yule mwanamke wa Paris, aliyekumbukwa kwa kabila na kazi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mwendo unaosadikisha haupatikani ila kwa mtu aliyeishi, na kwamba kwa sababu hiyo anayeutumia ana deni. Hatudai kwamba tarakilishi iache kuiga. Mwendo ulionaswa unaweza kuihifadhi ngoma inayokufa, na ukampa mwanafunzi wa kesho kile ambacho mabano yetu hayakumpa. Tunachodai ni kwamba kila hifadhi, iwe ya studio au ya idara ya fasihi, iambatanishe mwendo na mwenyewe pale ambapo mwenyewe aliutoa kwa fahari.

Kuna mwanafunzi wa uzamili atakayekwenda nyanjani mwaka huu na kamera bora kuliko kinasa-sauti changu. Atarudi na mchechemeo wote, kila pembe ya goti. Namwomba, kabla ya kuzima kamera, aulize jina, aliandike mahali pawili, na aulize pia ni nani aliyemfunza bibi huyo kumwiga fisi.